Mstari wa Chumba Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua pamoja nao. Mkuu mpya wa Kitivo cha Insia ameingia leo, mwembamba, viatu vyake havina sauti, na kabla hata hajavua koti akaniuliza, "Mama, taarifa ya mafanikio ya utafiti inaandikwaje hapa?"

Nikamweleza. Kila mwaka natoa ile ya mwaka jana, nabadilisha tarehe, nawapelekea wahadhiri waongeze walichonacho, kisha nachapa kwenye karatasi kubwa na kubandika ubaoni. Mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila chumba cha ofisi. Kushoto jina, kulia kazi zake. Miaka ishirini na sita nimekuwa katibu wa kitivo hiki na ndivyo nifanyavyo, na hakuna aliyekufa.

"Mwaka huu kila kilichoandikwa kulia nataka kukiona kwa macho yangu," akasema. "Ni kitabu, kiletwe. Ni makala, iletwe. Tutaweka kabati la vioo ukumbini, na mwisho wa muhula tutafanya sherehe."

Sijampenda. Nimebakiza miezi mitatu nistaafu, naye ananiletea kabati.

Alhamisi, 7 Machi

Kitivo kizima kinahaha. Mwalimu wa falsafa amekuja kuniuliza kama kufikiri nako kunahesabiwa. Nikamwambia alete alichofikiri tukiweke kwenye kabati. Yule wa historia ana makala moja aliyoichapisha mara tatu kwa vichwa vitatu, na nilipozilaza pamoja mezani alinikazia macho kama mimi ndiye niliyeziandika.

Jioni mvua ilinikamata mlangoni. Kalamu Tatu akanisindikiza hadi kituoni na mwavuli wake, yeye mwenyewe akalowa bega zima. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kalamu zake tatu za mfukoni, nyeusi, bluu na nyekundu. Ni mhadhiri wa lugha, yuko chumba namba saba, mpole, anayekumbuka hata jina la mjukuu wangu. Mkuu mpya angejifunza kwake namna ya kuishi na watu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepeleka kitambaa kwa Fundi anishonee gauni la sherehe. Kama kawaida nikampelekea na bunda la karatasi zilizoharibika ofisini. Yeye huziunga kwa gundi na kukatia vipimo vya wateja wake, umbo la kila kipande cha nguo, maana karatasi za kununua hazishikiki siku hizi.

Fundi ni mjane wa Mzee Kadi. Mzee Kadi ndiye aliyekaa chumba namba saba kabla ya Kalamu Tatu. Miaka ishirini alitembea na kadi mfukoni, akiandika maneno ya mafundi: wahunzi, waashi, wakunga, wasusi. Neno moja, kadi moja. Alitaka kuyatolea kamusi. Alikufa muhula ukiwa katikati, chaki mkononi, miaka tisa sasa.

"Sherehe ya nini hiyo?" Fundi akaniuliza, pini mdomoni.

"Ya mafanikio ya wahadhiri."

Akanipima kiuno, akaandika. Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesoma tena nilichoandika siku ile ya kwanza, kwamba hakuna aliyekufa. Niliandika hivyo bila kuona aibu. Basi leo niseme, maana daftari hili halina wa kulisoma ila mimi.

Mzee Kadi alipokufa, Kalamu Tatu aliletwa kushika nafasi yake na chumba chake. Wiki sita baadaye ukafika wakati wa taarifa. Nikatoa ya mwaka uliotangulia kama kawaida yangu. Kwenye mstari wa saba nikafuta jina la kushoto, nikaandika la Kalamu Tatu. Upande wa kulia sikuugusa. Ulisema: *Kamusi ya Maneno ya Mafundi, kadi elfu kumi na moja, mswada uko mbioni.* Nikachapa, nikabandika, nikaenda kula.

Hakuna aliyeona. Nani husoma kazi za mwenzake? Kila mtu hutafuta mstari wake tu.

Mwaka wa pili niligundua. Nikamfuata ofisini, nikamwambia, daktari, nimekuandikia kazi ya marehemu. Akacheka kwa upole. "Usijisumbue, dada. Ukirekebisha sasa watauliza mwaka jana ilikuwaje. Tutarekebisha mwakani." Nikashukuru! Nilimshukuru, nikaona ameniokoa. Mwakani ikawa mwakani nyingine, na kila mwaka nilinakili lile kosa kwa mkono wangu, nikijua.

Leo Mkuu ameweka kidole kwenye mstari wa saba, akasema, "Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote kitivoni. Miaka tisa iko mbioni? Mwambie aifikishe."

Nimemwambia. Kalamu Tatu hakushtuka hata kidogo. Aliitoa ile kalamu nyekundu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Printa imekwama mara nne.

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya mapumziko, lakini Kalamu Tatu alinipigia simu nimfungulie stoo. Zile kadi za marehemu ziko humo, masanduku kumi na moja. Fundi ndiye aliyeyaleta baada ya maziko, na mimi ndiye niliyeyapokea na kusaini kwenye daftari la mapokezi. Siku ile alinishika mkono, akasema, "Yatunzwe, mwenzangu. Siku moja yatatoka na jina lake."

Nilimfungulia. Akaomba abaki na ufunguo wiki moja. Nikampa. Hakuniomba kwa vitisho, wala sikuwa na la kumkatalia, na hapo ndipo ninapojichukia.

Jumatano, 10 Aprili

Kikao cha kitivo. Kalamu Tatu ametangaza kwamba kamusi imekamilika na iko kwa mchapishaji. Watu wakapiga makofi, na Mkuu akasema jina lake litapelekwa juu kwa ajili ya uprofesa.

Kisha akauliza, "Kadi elfu kumi na moja umezikusanya peke yako, daktari?"

"Nimesaidiwa na wengi," akajibu, akanigeukia mimi. "Hata dada hapa ana mchango wake."

Wote wakanitazama wakitabasamu. Nikatabasamu nami.

Ijumaa, 19 Aprili

Paa la stoo linavuja. Mfagizi aliniita, maji yamefika kifundoni. Mbio zangu zote zilikuwa kwenye yale masanduku. Nikavuta la kwanza, likanijia jepesi. Tupu. La pili tupu. Yote kumi na moja matupu, na hata jalada la taarifa za zamani halipo rafuni.

Mfagizi akasema daktari wa chumba cha saba alimwambia makaratasi yamelowa, akampa mengine akayachome nyuma ya jengo, mengine akayapakia kwenye gari lake.

"Yalikuwa yamelowa kweli?" nikamuuliza.

"Yale niliyochoma mimi yaliwaka vizuri sana, mama."

Jumamosi, 27 Aprili

Kwa Fundi, kujaribu gauni. Alinizunguka na pini zake, mvua inapiga bati, kisha akauliza akiwa amepiga magoti kwenye pindo, "Na zile kadi za mzee, bado ziko salama?"

Nikasema, "Zipo."

"Haya," akasema. Basi.

Uongo wa neno moja. Ningejua ni mwepesi hivyo kuutoa, ningeogopa zaidi.

Alhamisi, 2 Mei

Baba watoto ameniuliza kwa nini nakula kama mtu anayesubiriwa nje. Nikamwambia ni uzee. "Uzee haukimbizi tonge, mke wangu," akasema, na akaniachia nyama yake.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikwenda kutazama lile daftari la mapokezi. Ukurasa wenye sahihi yangu umekatwa kwa wembe, sawasawa, karibu kabisa na mshono. Utawala hutunza nakala za taarifa miaka mitano tu, kisha huziteketeza. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa na vyote vilivyokuwamo. Sasa hakuna karatasi hata moja chuoni yenye jina la Mzee Kadi na jina la kamusi yake pamoja.

Nilipogeuka, Kalamu Tatu alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Unatafuta nini, dada?"

"Unajua ninachotafuta."

Akafunga mlango taratibu, akavuta kiti, akaniashiria nikae, mimi, ndani ya ofisi yangu. "Kwanza tukumbushane," akasema kwa sauti ileile ya mwavuli. "Jina langu pale kwenye mstari wa saba, nililiandika mimi?"

Nikaitazama printa.

"Na mwaka uliofuata? Na uliofuata? Miaka tisa unachapa, unabandika. Mimi sijawahi kugusa hiyo printa." Akaegemea mbele. "Umebakiza wiki chache, dada yangu. Watu watakuimbia, watakupa zawadi, utakwenda nyumbani kwa heshima. Ukianza kusema habari za marehemu, utaondoka kama mwizi. Mimi nitasema tu kwamba niliamini ulichokichapa."

Akainuka, akaninyooshea karatasi zilizokuwa zimepinda mezani, akatoka. Huyu ndiye niliyeandika humu kwamba Mkuu ajifunze kwake namna ya kuishi na watu.

Jumatano, 15 Mei

Kamusi imefika. Nzito, jalada la kijani, jina lake kwa herufi za dhahabu. Nikafungua kwenye maneno ya washonaji. Nilikumbuka kadi moja, maana Mzee Kadi alinionyesha mwenyewe akicheka. Ilihusu vipande vinavyobaki baada ya kukata nguo. Aliandika: *Mke wangu huviita watoto wa kitambaa, na hakubali vitupwe.*

Kitabuni imeandikwa: *Fundi mmoja huviita watoto wa kitambaa.*

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili nisisikike.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimemwambia.

Gauni lilikuwa limekwisha, limebaki pindo la mkono wa kulia. Nilisimama mbele ya kioo chake, yeye nyuma yangu, pini tano midomoni. Nikasema yote, tangu mstari wa saba hadi wembe. Sikusaza kitu. Nilisema nikitazama sakafu, kwa hiyo sikuuona uso wake, nilisikia tu pini zikiingia kwenye kitambaa moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipomaliza ya tano akasema, "Nilijua."

Nikageuka.

"Simama wima, utachomwa." Akanigeuza tena kwenye kioo. "Miaka minane najua. Wewe si ndiye unayeniletea karatasi?"

Akaenda kwenye kona anakotundika vipimo vyake, mamia, kila mteja na msumari wake. Akarudi na vitatu, akavilaza mezani. Mkono wa gauni. Mgongo. Kola. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na chapa yangu mwenyewe, mistari yangu kumi na miwili, ile ya kurasa zilizotoka na wino hafifu nikazitupa kwake. Kwenye kola ulikuwapo mstari wa saba mzima: jina kamili la mumewe, kamusi yake, kadi elfu kumi na moja, na tarehe, mwaka wake wa mwisho. Kwenye mgongo, mwaka uliofuata: jina la Kalamu Tatu, kamusi ileile, kadi zilezile. Kwenye mkono, mwaka wa tatu.

"Nilikuwa nakata shingo ya nguo ya bibi harusi," akasema, "nikamwona mume wangu. Nikaweka pembeni. Mwaka uliofuata nikakata mgongo, nikamwona mtu mwingine amekaa mahali pake. Nikadhani umekosea, utarekebisha. Kila bunda uliloniletea nilitafuta mstari huo kwanza kabla ya kuwasha cherehani."

"Kwa nini hukuniuliza, dada?"

"Nilikuuliza. Mwezi uliopita nilikuuliza, nikiwa nimepiga magoti miguuni pako. Ukasema zipo." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Kila Jumamosi unakunywa chai yangu. Nilitaka nione utaniangalia usoni mpaka lini."

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe lilisikika dogo.

"Sitaki hilo," akasema. "Msamaha ni wangu, nitautoa nikipenda. Nataka useme ulikosea wapi, mbele yao, kwa mdomo wako. Na utavaa gauni hili. Nimelishona vizuri."

Jumatano, 22 Mei

Nilifika hadi mlango wa Mkuu, nikakunja ngumi nibishe hodi. Ndani nikamsikia Kalamu Tatu akicheka. Nikarudi mezani kwangu nikachonga penseli.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua haijakata tangu jana. Nimeagizwa kuchapa orodha ya kesho, ile Mkuu atakayoisoma jukwaani. Nimetoa ya mwaka jana kama kawaida, nimebadilisha tarehe. Kisha nimeufikia mstari wa saba na nimekaa mbele yake saa nzima, chai imepoa.

Nimechapa.

Ijumaa, 24 Mei

Ukumbi ulijaa. Kabati la vioo liko pale mbele, limewashwa taa, kamusi ya kijani katikati kama mwali. Kalamu Tatu alivaa suti mpya. Fundi alikaa safu ya mwisho, mfuko wa kitambaa magotini. Nilikuwa nimemwandikia kadi ya mwaliko mwenyewe.

Mkuu akaanza kusoma. Chumba namba moja, jina, kazi, makofi. Namba mbili. Namba tatu. Nilisimama kando ya jukwaa. Namba sita, yule wa falsafa, makala moja, makofi mengi kuliko alivyotegemea.

"Chumba namba saba," Mkuu akasema. Akalisoma jina la Mzee Kadi kwa sauti, lote, na "marehemu" baada yake, na kamusi, na kadi elfu kumi na moja. Akaendelea mstari wa chini yake, jina la Kalamu Tatu, na upande wa kulia hakukuwa na kitu. Akasimama. Mvua tu ikasikika juu ya bati.

"Mama," akasema, "hili ni kosa?"

"Hapana, Mkuu. Kosa ni lile la miaka tisa iliyopita. Nililifanya mimi, na mwaka wa pili nikaligundua, nikaendelea kulifanya." Nikaeleza. Nilisema kwa ufupi, maana nilijua nikirefusha nitaanza kujitetea.

Kalamu Tatu aliinuka akitabasamu. "Tumwelewe dada yetu. Anastaafu, amechoka. Jamani, mambo haya mazito. Ana ushahidi gani?"

Na hapo Mkuu huyu niliyemwita wa kabati akasema, "Kweli. Kila kitu nataka kukiona kwa macho yangu. Upo, mama?"

Sikujibu mimi. Fundi alikuwa amekwisha kuinuka. Alipita katikati ya ukumbi bila haraka, viatu vyake vinaacha maji sakafuni, akafika mezani, akaitoa kola, akailaza kifudifudi. Akalaza mgongo. Akalaza mkono. Akavipanga kama anavyopanga kabla ya kukata.

Mkuu akainama. Alisoma muda mrefu. Kisha akamwita Kalamu Tatu aje asome naye, na Kalamu Tatu hakuja. Alibaki amesimama pale alipo, mkono mfukoni, anazishikashika zile kalamu.

Jumamosi, 1 Juni

Kamati imeundwa. Uprofesa umesimamishwa, na mchapishaji amerudishiwa vitabu. Nyumbani kwa Kalamu Tatu wamekuta kadi za masanduku saba. Za yale manne ndizo zilizowaka vizuri. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimeambiwa nisije tena ofisini hadi siku ya kustaafu. Hakutakuwa na nyimbo wala zawadi. Baba watoto amesema ataimba yeye, nikamwomba tafadhali asiniongezee adhabu.

Mkuu alinisindikiza hadi getini na viatu vyake visivyo na sauti. "Ungeniambia Machi," akasema. Alisema hilo tu, na lilinitosha.

Mchana nikaenda kwa Fundi. Sikupeleka karatasi, sina tena pa kuzitoa. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Waambie wanirudishie mgongo na mkono," akasema. "Mwenye vipimo hivyo amerudi, anataka gauni lingine."

"Na kola?"

Cherehani ikasimama.

Nikamwambia iko kwenye kabati la vioo, Mkuu ameiweka mwenyewe pale ilipokuwa kamusi, upande wenye mstari wa saba umetazama watu. Fundi akasukuma kiti cha pili kwa mguu, nikakaa.

Hakuniwekea chai. Alinipa mkasi, akanisogezea rundo la vipande vilivyobaki, akaniambia nisitupe hata kimoja.